Nafaka Motoni: Historia ya Kuchoma Chakula ili Kupata Joto, na Mtazamo wa Fiqhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeotesha nafaka kutoka katika ardhi iliyokufa na Akajaalia moto ndani ya mti mbichi. Rehma na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Tulikuwa katika darsa tukisoma mlango wa istinja, tukafika katika masharti ya kitu kikavu kinachofaa kujisafishia badala ya maji. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi'i (R.A.) wanasema kitu hicho kiwe tohara, kiwe chenye kuondosha najisi, na kisiwe kitu chenye heshima ya kisheria, yaani muhtaram. Katika vitu vyenye heshima wanataja chakula cha binadamu. Hapo mwanafunzi mmoja akanyanyua mkono akasema: "Sheikh, ndugu yangu yuko Marekani, sehemu ya baridi kali. Huko anasema wako watu wanaotia mahindi mazima katika jiko la kupasha nyumba joto, wakayachoma kama sisi tunavyochoma kuni. Ikiwa haijuzu kujisafishia kwa chakula, je, kukichoma?"

Baadhi ya wanafunzi walicheka, wakadhani ni mzaha. Sikucheka, kwa sababu jambo hilo ni kweli na lina historia ndefu, na swali lake ni la kifiqhi hasa. Nilimwahidi kulijibu kwa maandishi. Makala haya ni utekelezaji wa ahadi hiyo.

Jiko lenyewe na kazi yake

Kuhukumu kitu ni tawi la kukifahamu, kama walivyokariri wanavyuoni wa usuli. Basi tuanze kwa kulifahamu jiko.

Jiko hili huwekwa sebuleni au katika chumba cha chini cha nyumba. Juu yake pana chombo kikubwa ambamo humiminwa punje za mahindi zilizopukuchuliwa na kukaushwa vizuri, maana mahindi yenye unyevu hayashiki moto sawasawa. Chini ya chombo hicho pana chuma kirefu kilichopindwa kama parafujo, kinachozungushwa kwa umeme na kuzisukuma punje kidogo kidogo hadi kwenye chungu cha moto. Feni hupuliza hewa motoni, na feni nyingine husambaza joto ndani ya nyumba. Majivu yake huyeyuka na kugandamana kama jiwe, na mwenye jiko hulazimika kuyavunja na kuyatoa kila mara.

Mahindi makavu yana nguvu ya joto inayokaribia ile ya kuni zilizokauka kwa uzito ule ule. Wamarekani huyapima kwa busheli, na busheli moja ya mahindi ni kilo 25 na ushei. Katika siku za baridi kali, nyumba ya wastani huweza kuchoma busheli moja kwa siku, pengine zaidi.

Sasa tuyapime haya kwa mizani yetu. Pishi ya Zakatul Fitri wanavyuoni wengi wa zama zetu huikadiria kuwa kilo mbili na kitu, na wenye kuchukua tahadhari husema kilo mbili na nusu. Basi busheli moja, ambayo ni moto wa siku moja, ni fitri ya watu kumi. Nyumba ikichoma kiasi hicho kwa siku 150 za baridi, itakuwa imechoma kilo 3,750. Nisabu ya zaka ya nafaka ni wasaki tano, ambazo wengi wamezikadiria karibu kilo 650. Kwa hiyo nyumba moja, katika msimu mmoja, huchoma zaidi ya nisabu tano za zaka. Hesabu hii tusiisahau huko mbele.

Jambo hili lilianza vipi?

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni maajabu ya zama zetu za mashine. Sivyo. Katika miaka ya 1870 walowezi waliohamia nyika za kati za Marekani, katika majimbo kama Iowa, Kansas na Nebraska, walijikuta katika nchi yenye rutuba kubwa isiyokuwa na miti. Kuni hazikupatikana, na makaa ya mawe yaliletwa kwa reli kwa gharama kubwa. Mahindi nayo yalistawi mno. Lakini mkulima alipotaka kuyapeleka sokoni, nauli ya reli ilimla karibu thamani yote ya mzigo wake. Bei ya mahindi ilipoanguka, mkulima alipiga hesabu nyepesi: nikiuza mahindi ninunue makaa nitapata hasara, na nikiyatia jikoni watoto wangu watapata joto. Akayatia jikoni, mengine yakiwa bado kwenye magunzi yake.

Hali hiyo ilirudi kwa ukali zaidi miaka sitini baadaye. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na mara baada yake bei ilikuwa juu. Mwaka 1919 busheli ya mahindi iliuzwa kwa wastani wa dola moja na nusu hivi, na wakulima wengi walikopa kwenye mabenki, kwa riba, ili wanunue mashamba zaidi. Baada ya muda bei zikaporomoka, na mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukammaliza aliyebaki. Mwishoni mwa mwaka 1932, katika baadhi ya sehemu za Iowa, busheli moja haikufikisha senti 10. Deni la benki lilibaki palepale, na riba yake ilizidi kuzaa. Watu wakachoma mahindi majumbani mwao.

Wakati huo huo, katika miji mikubwa ya nchi hiyo hiyo, mamilioni ya watu wasio na kazi walikuwa wakisimama katika foleni kupokea mkate na supu ya sadaka. Mwenye nafaka hakupata wa kumuuzia, na mwenye njaa hakupata cha kununulia. Mwaka 1933 serikali ilipotaka kupandisha bei, iliwalipa wakulima ili walime chini pamba iliyokwishaota katika mamilioni ya ekari, na ikanunua vitoto vya nguruwe vipatavyo milioni sita ili vichinjwe kabla ya kukua. Wako waliouliza wakati ule: vipi mali huharibiwa katika mwaka wa njaa? Swali lao lilikuwa la haki.

Haikuwa Marekani peke yake. Brazil, kuanzia mwaka 1931 hadi 1944, iliteketeza magunia ya kahawa yapatayo milioni 78, kila gunia kilo 60, ili kuzuia bei isianguke. Nyingine ilitupwa, na nyingine ilitumika katika matanuri ya magari moshi. Argentina nayo, meli za makaa zilipokatika wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ilichoma mahindi katika mitambo ya umeme na ya reli.

Kurudi kwa jiko katika zama zetu

Jiko la mahindi katika sura yake ya kisasa lilipata umaarufu mkubwa mwaka 2005. Mwezi Agosti na Septemba mwaka huo vimbunga Katrina na Rita viliharibu visima na mitambo ya mafuta na gesi katika Ghuba ya Mexico, na gharama ya kupasha nyumba joto ikapanda mno. Mahindi nayo yalikuwa rahisi: wastani wa bei ya mkulima kwa mavuno ya mwaka huo ulikuwa dola 2 kwa busheli. Ile hesabu ya mwaka 1932 ikarudi, ijapokuwa safari hii kwa sababu gesi ilikuwa ghali. Wauza majiko walikuwa na orodha za wateja wanaongoja.

Katika nchi za Ulaya jambo hili pia lilijitokeza. Wakulima wa Sweden walichoma nafaka ya oti katika matanuri ya mashambani. Ujerumani kulizuka mjadala mkali, hata viongozi wa makanisa wakaingia ndani yake, wengine wakisema kwamba ngano ni mkate na mkate hauchomwi. Kanuni za Ujerumani za mwaka 2010 ziliruhusu katika matanuri madogo nafaka isiyokusudiwa kuwa chakula, tena katika shughuli za kilimo na za usindikaji wa nafaka tu, si kwa kila mwenye nyumba.

Raha ya jiko la mahindi haikudumu. Mwezi huo huo wa Agosti 2005 Marekani ilipitisha sheria ya nishati iliyolazimisha kuchanganya mafuta ya mimea katika petroli, na mwaka 2007 ikapitisha nyingine iliyoongeza kiasi hicho maradufu. Viwanda vya ethanoli vikaanza kuyagombania mahindi. Katikati ya mwaka 2008 bei ilivuka dola 7 kwa busheli, na katika ukame wa mwaka 2012 ikavuka dola 8. Aliyenunua jiko kwa sababu mahindi ni rahisi akajikuta anachoma kitu ghali kuliko alichokikimbia. Wengi waliyaacha majiko yao au wakahamia kwenye punje za mbao zilizoshindiliwa.

Lakini moto haukuzimika. Ulihama kutoka sebuleni ukaenda katika injini. Leo zaidi ya thuluthi moja ya mahindi ya Marekani huingia katika viwanda vya ethanoli. Busheli moja hutoa lita kumi na kitu. Tangi la lita 50 likijazwa ethanoli tupu, limekunywa mahindi karibu kilo 120. Kwa uadilifu ni lazima tuseme kwamba karibu thuluthi ya uzito huo hurudi kama chakula cha mifugo. Hata hivyo jiko la yule ndugu wa Marekani ni dogo sana mbele ya tanuri hili, na mwenye kumlaumu mwenye jiko na kumsahau mwenye gari hakufanya insafu.

Waislamu wa zamani walichoma nini?

Tukitazama miji ya Waislamu wa zamani tutaona kwamba tatizo la kuni walilijua vizuri. Misri ni nchi ya nafaka isiyo na misitu, kama zilivyokuwa zile nyika za Iowa. Watu wa Cairo walichoma nini? Walichoma makapi, mabua, samadi iliyokaushwa na takataka za mji. Matanuri ya hamamu, yaliyoitwa mustawqad, yalilishwa taka hizo usiku na mchana, na katika majivu yake ya moto walizika vyungu vya maharage ya ful yakaiva taratibu hadi alfajiri. Utaratibu ulikuwa wazi: makapi ni ya moto, punje ni ya mtu.

Maulamaa walioandika vitabu vya hisba, kama al-Shayzari katika karne ya sita ya Hijria na Ibn al-Ukhuwwa aliyefariki mwaka 729, waliweka milango maalumu kwa wauza nafaka, wasaga unga na waoka mikate. Muhtasibu alitakiwa awakagulie mizani, awazuie kuchanganya nafaka mbovu na nzuri, na awazuie kulimbikiza. Nafaka ilikuwa mali ya mtu, lakini mali inayotazamwa na jicho la umma.

Dalili za wanaoruhusu

Sasa tuingie katika fiqhi. Anayesema kwamba inajuzu kuchoma nafaka kwa ajili ya joto ana dalili, na si uadilifu kuzificha.

Kwanza, asili ya vitu ni uhalali, na mtu ana haki ya kunufaika na mali yake. Joto la nyumba katika nchi ya theluji ni manufaa ya kweli, si mchezo. Kupoteza mali kulikokatazwa ni kuitoa bila manufaa ya dini wala ya dunia.

Pili, na hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi, Waislamu tangu zama za mwanzo wamechoma chakula bila ya kukanushana: mafuta ya zeituni. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ameamrisha yaliwe na yapakwe, kwa hiyo ni chakula. Na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nur, aya ya 35, Amepiga mfano wa taa inayowaka kwa mafuta ya mti huo huo. Abu Dawud amepokea hadithi ya kupeleka mafuta yakawashwe katika taa za Baytul Maqdis, ingawa wanavyuoni wa hadithi wamezungumza juu ya sanadi yake. Misikiti yetu ya pwani nayo iliwaka kwa mafuta ya nazi na ya ufuta kabla ya kuja mafuta ya taa. Je, hicho si chakula kilichotiwa moto?

Tatu, mahindi mengi yanayolimwa katika majimbo yale hulimwa kwa ajili ya mifugo na viwanda. Ikiwa inajuzu kumpa ng'ombe, kwa nini isijuzu kulipa jiko?

Dalili za wanaozuia

Upande wa pili nao una nguvu zake. Mtume (S.A.W.) amekataza kujisafishia kwa mfupa na samadi, na katika upokezi wa Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) ametaja sababu: ni chakula cha ndugu zetu katika majini na cha wanyama wao. Wanavyuoni wakasema: ikiwa chakula cha majini kina heshima, cha binadamu kina haki zaidi. Katika hadithi ya Jabir (R.A.) aliyoipokea Muslim, tumeamrishwa tonge likianguka tuliondolee uchafu tulile, wala tusimwachie shetani. Ikiwa tonge moja halitupwi, vipi gunia? Bukhari na Muslim wamepokea pia kutoka kwa al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) kwamba katika mambo Anayotuchukia Mwenyezi Mungu kuyafanya ni kupoteza mali. Na katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, wafujaji wametajwa kuwa ni ndugu wa mashetani.

Tazama pia jinsi sheria ilivyoitenga nafaka na mali nyingine. Zaka ya mazao, katika madhehebu yetu, inahusu kile kinacholiwa kama chakula kikuu na kinachowekeka ghalani. Zakatul Fitri hutolewa kwa chakula kikuu cha watu wa mji. Ulimbikizaji ulioharamishwa ni ule wa vyakula vikuu. Katika riba ya mauzo, illa ya vile vitu vinne visivyokuwa dhahabu na fedha ni kuwa kwake chakula. Milango minne ya fiqhi, yote inamwambia mwanafunzi jambo moja: chakula kikuu si bidhaa kama bidhaa nyingine.

Kuhusu mafuta ya taa, jibu ni kwamba yalikuwa machache, na haja ya mwanga haikuwa na mbadala ulio sahali. Tena mafuta ni kitoweo. Mtu huishi bila ya kitoweo, haishi bila ya chakula. Kuhusu ng'ombe, nafaka aliyopewa hurudi kwa watu kwa sura ya maziwa na nyama, lakini jiko halirudishi ila majivu. Kwa hiyo qiyasi ya jiko juu ya taa na juu ya ng'ombe ina kasoro, ingawa hatusemi kwamba imebatilika kabisa. Vivyo hivyo qiyasi ya jiko juu ya istinja: istinja kwa chakula ni kukidhalilisha, na mwenye kuota moto hakukusudia kudhalilisha.

Somo la al-Maqrizi

Hapa historia inaisaidia fiqhi. Mwanahistoria mkubwa wa Misri, Taqiyyuddin al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 845 Hijria (1442), alipata kuwa muhtasibu wa Cairo, akaijua bei ya mkate kwa kazi yake kabla ya kuiandika kwa kalamu. Mwaka 808 Hijria (1405), katikati ya njaa kali, aliandika kitabu chake Ighathatul Umma, ambamo alihesabu njaa zilizoipata Misri. Miongoni mwa alizosimulia ni ile ya zama za Khalifa al-Mustansir wa Kifatimi, iliyodumu takriban miaka saba kuanzia mwaka 457, ambapo mkate mmoja ulinadiwa sokoni ukafika dinari 15.

Jambo kubwa katika kitabu hicho ni sababu alizozitaja. Kupungua kwa mto Nile alikujua, wala hakukukanusha. Lakini alisema kwamba balaa ya zama zake ilirefushwa na mikono ya watu: vyeo vilinunuliwa kwa rushwa na walionunua wakawakamua raia, kodi za ardhi zikapandishwa hadi mkulima akaacha kulima, na sarafu za shaba zikazidi hadi fedha ikapoteza thamani. Ufisadi wa wenye kupanga mambo, si uchache wa punje peke yake.

Linganisha Cairo ya mwaka 808 na Iowa ya mwaka 1932. Kule punje zilikuwa haba, huku zimejaa maghalani. Kule mtu aliuza nguo apate mkate, huku mtu aliuchoma mkate apate joto. Sura zimetofautiana, na chanzo kimekaribiana: deni, fedha iliyoharibika, na soko linalomtazama mwenye pesa lisimtazame mwenye njaa. Nafaka ikionekana motoni, ujue mizani ya jamii imepinda kabla ya mkulima hajawasha kiberiti.

Dalili ya hayo tuliiona kwa macho yetu. Mwaka 2008, bei za vyakula zilipopanda duniani, Misri ile ile ya al-Maqrizi ilirudi katika foleni za mkate. Watu waligombana, wengine wakafa humo, hadi serikali ikaliamrisha jeshi lioke mikate. Sababu zilikuwa nyingi: bei ya petroli, ukame wa Australia, nchi kuzuia nafaka zisitoke. Lakini mafuta ya mimea yalihesabiwa kuwa miongoni mwazo, na mnamo Oktoba 2007 Jean Ziegler, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya haki ya chakula, alitaka isimamishwe kwa miaka mitano kazi ya kugeuza chakula kuwa mafuta. Hakuwa Muislamu, lakini alichokiona kinaafikiana na makusudio ya sheria yetu katika kuhifadhi nafsi.

Hukumu

Kwa kuzipima dalili zote hizo, haya ndiyo ninayoyaona, na mwenye elimu zaidi ana haki ya kunirekebisha.

Kwanza: nafaka iliyoharibika, isiyofaa mtu wala mnyama, yajuzu kuichoma, bali huenda ikawa wajibu ikihofiwa kuuziwa watu. Hili linatuhusu sana sisi. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake nchini Kenya, mahindi yenye sumu kuvu yaliwadhuru watu 317, na 125 miongoni mwao walikufa. Mahindi ya namna hiyo kuyaonea huruma ya mali ni kuwakosea huruma watu. Yateketezwe kwa usimamizi wa wataalamu.

Pili: mtu aliyefikwa na baridi ya kuhatarisha maisha, asipate kitu kingine cha kuwasha, huyo ni mwenye dharura. Anachoma na hana dhambi.

Tatu: mkulima ambaye mahindi ni yake na soko limemfungia mlango. Huyu kwanza atoe zaka: sehemu moja ya kumi kwa iliyonyeshewa na mvua, nusu ya hiyo kwa iliyomwagiliwa kwa gharama. Kuichoma hakumwondolei deni hilo, kwa kuwa mwenye kuiharibu mali baada ya zaka kuwajibika hulipa. Kisha atafute wa kumlisha au wa kumpa. Akishindwa kwa kweli, kuota moto wa mahindi yake hakuwi haramu, ingawa hakukosi karaha akiwa na kuni au makapi. Ninamwonea huruma huyu, maana mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kudhulumiwa.

Nne: mtu anayekwenda sokoni kununua nafaka nzuri aichome, na hali gesi, umeme au mbao vinapatikana, kwa sababu tu ni rahisi kwa senti chache. Hili ni makruhu yenye nguvu. Zikiwapo njaa zinazojulikana, na nafaka hiyo au thamani yake ikawa inaweza kuwafikia wenye njaa, basi karaha inakaribia uharamu. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676) katika Minhaj ameihesabu kazi ya kumlisha mwenye njaa kuwa ni faradhi ya kutosheleza pale zaka na baitul mali visipotosha. Faradhi hiyo ikiachwa na wote, wote wanapata dhambi, na mwenye ghala analo fungu kubwa zaidi.

Tano: watawala na wapanga sheria. Amri zao kwa raia hufungamana na maslaha. Serikali inayolipa watu wageuze chakula kuwa moto inabeba jukumu kubwa kuliko la mwenye jiko moja, kwa sababu yeye anachoma busheli na wao wanachoma mavuno ya majimbo.

Na ndugu wa mwanafunzi wetu, akiwa ana njia nyingine ya kupata joto, aitumie hiyo. Akiwa amelikuta jiko katika nyumba aliyopanga, aulize kama linapokea punje za mbao, maana yako yanayopokea zote mbili. Na akilazimika, achome kwa kadiri ya haja, na atoe sadaka ya chakula kwa kadiri anavyoweza.

Hitimisho

Nabii Yusuf (A.S.), kama tunavyosoma katika sura yenye jina lake, aya ya 47, aliwaelekeza watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke yake isipokuwa kidogo wanachokula. Ilikuwa ni miaka ya neema, ghala zimejaa, na hakuna aliyeiona njaa inayokuja. Hakuwaambia kwamba iliyozidi haina kazi. Mtumzima huyu wa Mwenyezi Mungu alijua kwamba ziada ya leo ina wenyewe, ila hawajafika bado.

Sayyidna Umar (R.A.) katika Mwaka wa Majivu, mwaka wa 18 Hijria, alijinyima samli na nyama mpaka watu wote wapate, akawaandikia magavana wake walete chakula Madina, na misafara ikaja kutoka Sham. Mwaka huo uliitwa Ramada kwa sababu ardhi iligeuka rangi ya majivu kwa ukame. Majivu yale yalitoka kwa Mwenyezi Mungu kuwa ni mtihani. Majivu ya jiko la nafaka tunayatengeneza sisi wenyewe, na tutaulizwa juu yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu Atubarikie katika pishi zetu na vibaba vyetu, Awalishe wenye njaa, na Asitujaalie katika wenye kuikufuru neema. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.